Kuezua paa la zamani na kuzuia joto Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tulirithi nyumba ndogo kwa babu, huko Hombolo. Msicheke, nazungumzia ya tofali: vyumba viwili, sebule na baraza, paa la pande mbili, bati la migongo midogo lililokuwa jekundu kwa kutu, dari hakuna kabisa. Mwaka jana tuliezua paa lote, tukapaua upya, tukaweka na kizuia joto. Tangu hapo simu haziishi. Majirani, binamu, hata watu niliosoma nao Kikuyu, pale Dodoma mjini, wanauliza yaleyale, na mimi nimechoka kurekodi sauti za dakika saba. Majibu ni haya. Ufundi sikusomea, ila nilishinda chini ya ngazi siku zote za kazi nikimsumbua fundi kwa maswali, na mengi hapa ni ya kwake.

Kwa nini nyumba yangu inawaka joto wakati nje kivulini pana nafuu?

Kwa sababu ya bati. Jua la Dodoma kuanzia Septemba mpaka mvua zianze linapiga paa karibu wima, na bati likishapata moto linautupa chini, kama jiko la mkaa lililogeuzwa juu chini. Kuta za tofali zinachukua muda kupata joto. Bati linachukua dakika chache. Bila dari, kati ya kichwa chako na hilo jiko hakuna kitu.

Kwenye nyumba ya babu kulikuwa na mshumaa juu ya kabati, umewekwa kwa ajili ya umeme ukikatika. Kila Novemba ulikuwa unapinda taratibu mpaka ncha inagusa mbao, kama pembe ya ng'ombe. Mama alikuwa anaugeuza upande wa pili, nao unapinda kurudi. Hatukuwahi kujiuliza mshumaa unatuambia nini.

Hela haitoshi vyote. Nianze na bati jipya au na dari na kizuia joto?

Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, na wengi wanalijibu vibaya kwa sababu bati linaonekana barabarani na dari haionekani. Kama bati lako halivuji na mbao ni nzima, acha bati. Weka dari na kizuia joto. Bati jipya la rangi nzuri juu ya nyumba isiyo na dari litakupa joto lilelile, au zaidi kama rangi yenyewe ni ya giza.

Kama linavuja, huna ujanja: paa kwanza, maana kizuia joto kikilowa kinaharibika, na dari ya jipsamu ikilowa inashuka mezani. Lakini hata hapo, punguza gharama kwenye urembo wa bati ubakize ya chini yake. Shangazi yangu alipoona tunapandisha marobota ya kizuia joto darini alisema, "Mwanangu, hela mnamwagia popo?" Sasa hivi akija ndiye wa kwanza kulala mchana.

Nitajuaje kama paa libadilishwe lote au niweke viraka tu?

Usiliangalie kwa nje, na usimwamini anayeliangalia kwa nje. Ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Nukta zikiwa chache na zimekaa kwenye misumari, badilisha misumari. Zikitapakaa katikati ya bati kama nyota, bati limekwisha.

Kisha panda ukaguse mbao. Nasema uguse, kwa sababu macho yatakudanganya. Papi moja, yaani mbao ya kulala inayopigiliwa bati, juu ya chumba cha babu ilionekana safi kabisa, rangi yake ya mbao ileile. Fundi akaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama mpaka kiungo cha kwanza. Ndani ilikuwa vumbi na vijia vya mchwa; lililobaki ni ganda jembamba kama karatasi. Tulipoendelea kugonga kwa mpini wa nyundo, mbao nzima ilitoa sauti kavu, "ko", na iliyoliwa ikatoa sauti ya boksi tupu. Papi kumi na moja zilikuwa hivyo, na bati lilikuwa limekaa juu yake kwa mazoea tu.

Fuateni mchwa kwa chini pia. Huwa wanapanda ukutani kwa njia ya udongo yenye unene wa penseli, mara nyingi nyuma ya kabati au kwenye kona ya stoo. Ukibadilisha mbao bila kuikata njia hiyo na kuweka dawa kwenye msingi, umewaletea chakula kipya.

Naweza kupiga bati jipya juu ya la zamani ili nisihangaike kuezua?

Usifanye hivyo. Hutaziona papi zilizoliwa, misumari itashika kwenye vumbi, na kutu ya chini italipanda bati jipya.

Paa langu ni yale mabati ya kijivu mazito, si chuma. Vipi?

Hiyo huenda ikawa asbesto. Ilitumika kwenye majengo mengi ya zamani, na vumbi lake likivutwa ndani ya mapafu linaweza kuleta saratani, miaka mingi baadaye. Likiwa zima halina haraka. Hatari inaanza unapolivunja, kulikata kwa msumeno, kulitoboa au kulisugua kwa brashi.

Kwa hiyo asipande kijana wa mtaani na nyundo. Wasiliana kwanza na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kwa utaratibu wa kuliondoa na mahali pa kulizika. Linaloswa maji, linashushwa zima bila kutupwa chini, linafungwa kwa nailoni nzito. Vipande visitumike kuezekea banda la kuku, wala kuwekwa njiani kuzuia tope, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu watoto wakikanyaga juu yake. Na maji ya paa la namna hiyo lililochakaa msiyakinge kwa kunywa.

Nichukue bati geji ngapi?

Namba ya geji ikipanda, unene unashuka: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa upepo wa huku mimi sitaki 32 kwenye nyumba ya kuishi. Geji 30 inatosha kama papi hazijaachana sana. 28 kama mfuko unaruhusu.

Tatizo ni kwamba geji inayoandikwa kwenye lebo na iliyopo kwenye bati huwa ni ndugu wa mbali. Duka la kwanza tulilokwenda, ambalo silitaji, lilituonyesha mabati mawili yenye lebo moja. Fundi alikuwa amekuja na maikromita, kifaa cha kupima unene, ya kuazima gereji. Moja lilikuwa jembamba kuliko lingine waziwazi. Muuzaji akasema ni "tofauti ya kiwandani". Tukaondoka. Uliza unene kwa milimita, angalia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na upime mwenyewe ukiwa hapohapo dukani.

Jambo la pili ni urefu. Nyumba yetu ni mita 9 kwa 6, na paa limetokeza sentimita 60 kila upande. Tungenunua mabati ya kawaida ya mita 3 tungelazimika kuunga safu mbili kila upande. Tuliagiza yaliyokatwa mita 3.9, kipande kimoja kutoka kofia, pale kileleni mwa paa, hadi ukingoni, mabati 14 kila upande. Hakuna kiungo cha katikati, hakuna mahali pa maji kupenya.

Rangi ina maana yoyote, au ni pambo?

Ina maana kubwa. Nyeupe, krimu na fedha vinarudisha sehemu kubwa ya jua angani. Nyeusi, chokoleti na damu ya mzee vinalimeza. Najua damu ya mzee inapendeza juu ya nyumba, na vumbi letu jekundu halionekani juu yake. Kama moyo wako umeshaamua, basi ongeza unene wa kizuia joto. Bati jeupe la kung'aa likishachakaa na kushika kutu, nalo linaanza kumeza jua kama la giza.

Kizuia joto gani kinafaa?

Kuna vitu vya aina mbili, na kila kimoja kinafanya kazi yake.

Cha kwanza ni karatasi ya alumini, ile inayong'aa. Inazuia mng'ao wa joto unaoshuka kutoka kwenye bati. Ili ifanye kazi lazima upande unaong'aa uwe na nafasi ya hewa mbele yake, angalau upana wa vidole viwili. Ikilazwa ikagusa bati pande zote, inageuka kuwa bati la pili. Na hapa Dodoma kuna jambo la vumbi: ukilaza upande unaong'aa ukitazama juu, ndani ya mwaka umefunikwa na kazi imekwisha. Sisi tuliitandika juu ya kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) kabla ya kupiga papi, ikilegea kidogo kati ya kenchi na kenchi, mng'ao ukitazama chini darini. Vumbi haliwezi kukaa kwenye upande uliotazama chini. Fundi alishangaa kidogo, maana amezoea kung'arisha juu, ila tulipomweleza sababu akasema atawaambia wenzake.

Cha pili ni kitu chenye unene kinachoshika hewa ndani yake: pamba ya kioo, inayouzwa kwa marobota. Hiyo inalazwa juu ya dari, kati ya mbao na mbao, bila kubanwa, kwa sababu ukiibana unatoa hewa na hewa ndiyo inayofanya kazi. Sisi tuliweka ya sentimita 10. Vaeni mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa. Nyuzi zake zinawasha mno, na shati lililovaliwa darini lifuliwe peke yake.

Mwenye uwezo wa kimoja tu kwa Dodoma, ningesema karatasi ya alumini pamoja na dari, maana joto letu linatoka juu na linashuka. Ila pamba ya kioo ina faida mbili za ziada. Usiku wa Julai, nyuzi joto zinaposhuka hadi 13 hivi, inashikilia joto ndani. Na mvua ikinyesha mnaweza kuzungumza. Zamani mvua ikipiga bati tulikuwa tunanyamaza wote, tunatazamana mpaka ipite.

Yale maboya meupe mepesi yanayokuja na boksi la runinga? Yanazuia joto, kweli. Lakini yakishika moto yanayeyuka na kutoa moshi mbaya sana. Sikuyataka juu ya vitanda vya watoto.

Nimesikia pumba za mpunga zinafaa. Bahi zimejaa bure.

Zinafaa kuliko watu wanavyodhani. Pumba hazivundi upesi na zinashika hewa vizuri. Masharti: ziwe kavu kabisa, zichanganywe na chokaa kuwafukuza wadudu, zijazwe kwenye mifuko isiyotoboka badala ya kumwagwa, na dari iwe imara. Pumba zenye punje za mchele zilizobaki ni mwaliko kwa panya. Mkwe wangu amezitumia kwenye stoo ya mahindi na hajutii. Nyumba ya kulala, nyaya zote za umeme lazima zipite kwenye bomba kwanza, kwa sababu pumba zikipata cheche zinaungua pole pole, bila mwali, na unaweza kulala usijue.

Dari ipi?

Jipsamu inapendeza na haishiki moto kirahisi, lakini haitaki tone la maji. Plaiwudi inavumilia kidogo, mchwa wanaipenda. Za plastiki hazijali maji, ila chini ya bati lisilo na kizuia joto zinalegea na kuning'inia. Sisi tumeweka jipsamu vyumbani na plaiwudi iliyopakwa dawa barazani. Acheni mlango wa kupandia darini, jamani. Kila nyumba niliyoitwa kuangalia haina, na kila fundi wa umeme anatoboa wake.

Nikiziba kila kitu, hewa ya darini itatoka wapi?

Iacheni itoke. Tundu chini ya mapaa yanayotokeza, na tundu juu kwenye ukuta wa pembetatu pande zote mbili. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Kila tundu liwe na wavu mdogo wa chuma. Tulipoezua tulikuta popo zaidi ya tulivyoweza kuhesabu, viota vya nyigu vitatu, nge mmoja na jembe la babu ambalo bibi alimgombeza kwa kulipoteza. Popo wanakula mbu, sina ugomvi nao, lakini kinyesi chao kina uzito na kinaozesha dari. Subirini watoke jioni ndipo mzibe, na msizibe wakiwa na watoto wadogo ndani.

Upepo wa Dodoma utaling'oa?

Utalinyanyua, kama limepigwa misumari tu. Upepo ukiingia barazani unasukuma kutoka chini huku mwingine ukivuta kutoka juu, na sehemu dhaifu ni pale mbao inapokalia ukuta. Nyumba nyingi za zamani hazina lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Mbao imelala juu ya tofali kwa uzito wake. Kwetu fundi alitoboa ukuta kwenye mstari wa tano wa tofali kutoka juu, akapitisha waya mnene wa kujengea, akaufunga kuzunguka mbao ya ukutani na mguu wa kenchi, kila kenchi. Kazi ya siku moja na nusu, na haionekani baada ya plasta.

Papi zetu zina nafasi ya sentimita 90, lakini tulizibananisha ukingoni na kwenye kofia, ambako upepo unaanzia. Misumari yenye mpira, juu ya mgongo wa bati wala si kwenye mfereji. Na kwa kuwa upepo wetu mwingi unatoka mashariki na kusini mashariki, anzeni kulaza mabati upande wa magharibi mkienda mashariki, ili mdomo wa kila kiungo uupe upepo mgongo.

Mbao gani?

Zilizotiwa dawa kiwandani, nyingi zinatoka Mafinga na Njombe, zina ukijani kidogo. Kila mnapokata, paka dawa kwenye ncha mpya, maana dawa haifiki katikati ya mbao. Oili chafu ya gari inawakwaza mchwa kwa muda, lakini inanuka miezi na inasaidia moto. Mimi nimeikataa.

Msimu gani wa kazi?

Mei na Juni. Mvua zimeisha, upepo mkali wa Agosti na Septemba bado, na fundi haungui mikono juu ya bati. Watu wengi wanaanza Novemba wingu la kwanza likitokea, wakati mafundi wamekuwa mawaziri. Ezueni upande mmoja, mpaue, ndipo mwende wa pili. Na msiache bati hata moja juu bila kupigiliwa usiku.

Kibali kinahitajika?

Kubadilisha bati kwa umbo lilelile ni ukarabati; mimi nilimwarifu mwenyekiti wa mtaa tu na sikupata shida. Ukiinua kuta, ukibadili umbo la paa au ukiongeza chumba, nenda Halmashauri ya Jiji. Wazee bado wanasema "nenda CDA", yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, lakini ile mamlaka ilivunjwa 2017 na kazi zake zikahamia Halmashauri.

Kwa nini bati linalia "ta! ta!" jioni? Watoto wanaogopa.

Bati linatanuka kwa jua na kunywea likipoa, linavutana na misumari. Waganga waacheni wapumzike. Kukiwa na dari na pamba ya kioo sauti inabaki kwa mbali.

Nikinga maji?

Tafadhali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma inapata takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa letu, likipimwa kwa ardhi linayofunika, ni mita za mraba 73, kwa hiyo zinaanguka zaidi ya lita 40,000. Hata robo ikipotea, bado ni nyingi kuliko tanki lolote tutakalonunua. Gata ziwekwe fundi akiwa bado na ngazi yake, na mvua mbili za kwanza ziachwe zioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Nyumba yangu ni tembe. Niibomoe nipige bati?

Pole pole. Paa la tembe, fito, nyasi na udongo juu yake, ndilo lililojua joto la Ugogo kabla yetu. Udongo ule unachukua mchana kutwa kupata moto, na ukipata tayari jua limezama. Watu waliohamishiwa vijijini wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, walihimizwa kujenga "nyumba bora", na wengi wetu tukaamini ubora ni bati. Babu alikuwa na bati na bado alikuwa analala mchana kwenye tembe ya kaka yake.

Kasoro za tembe ni za kweli: udongo unahitaji kusiliba upya kabla ya kila msimu wa mvua, mchwa wanapanda nguzo, na paa lililolowa ni zito mno. Kama nguzo zimechoka, toka. Kama ni nzima, unaweza kuinua bati jepesi juu yake kwa nguzo za pembeni, likaacha upenyo wa hewa, likawa mwavuli tu. Msipige bati moja kwa moja kwenye udongo.

Fundi nimlipeje?

Kwa hatua, kamwe si yote mwanzoni. Kuezua na kenchi, bati, dari. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Fundi mzuri hatakataa, wa kwetu alicheka, akasema, "Mzee, hiyo mvua niite nije nikae ndani nayo."

Paa jipya limevuja mvua ya kwanza. Nifanyeje?

Usipande kwenye bati lililolowa. Zungushia alama ya penseli kwenye dari mahali tone lilipotokea, subiri pakauke. Kisha mtu mmoja akae darini na tochi, mwingine amwage maji juu kwa ndoo, akianzia chini ukingoni na kupanda mstari mmoja mmoja. Mkianzia juu maji yatawachanganya, maana tundu linaweza kuwa mita moja juu ya mahali tone linapodondokea.

Kwetu ilikuwa ndoo ya tisa. Msumari mmoja juu ya mlango wa jikoni ulikuwa umepigwa bila mpira. Fundi alikuja na baiskeli, akaubadilisha, akachukua hela yake iliyobaki, akanywa chai.